Silingi au Chumba cha Tatu

Mimi niliolewa na nyumba. Watu wa huku wakisikia hivyo hawashangai, lakini wewe pengine si wa huku, kwa hivyo wacha nieleze kidogo. Kwa Wakipsigis, mjane ambaye hakupata mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa na huyo msichana wanakuwa wa nyumba yake na wanabeba jina la marehemu mume wake. Wenyewe husema msichana ameolewa kwa ajili ya toloch, ile nguzo ya katikati inayoshika paa. Mimi nilitolewa ng'ombe wanne na kondoo mmoja. Mume wangu ni Tecla, ambaye kitambulisho chake kinasema ana miaka sabini na sita. Mimi humwita Kogo, yaani nyanya, kwa sababu neno lingine lolote lilikataa kutoka mdomoni.

Mimi mwenyewe ni Mkisii. Jina langu ni Nyambeki. Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, nyumba namba arobaini na moja, chumba kimoja na jiko la nje. Mama alichuna chai hapo miaka ishirini na miwili. Siku mashine za kuchuna zilipoletwa alipewa barua na wiki mbili za kuhama. Nakumbuka vile alifagia ile nyumba asubuhi ya mwisho, akafagia hadi mlangoni, akasimama nje na ufagio mkononi kwa sababu hakujua kama ufagio ni wake au ni wa kampuni. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane nikaishia hapo. Mama alirudi kwao Nyamira kwa kaka yake. Kogo alipokuja kuniposa, watu walimwambia mama asikubali. Mama aliuliza swali moja tu: "Hiyo nyumba ni yao wenyewe?" Akaambiwa ndiyo. Basi.

Sasa ni miaka minane niko hapa, juu ya Kapkatet, kwenye ekari mbili za chai na ng'ombe watatu. Kogo ni mume mzuri. Hanipigi, hanywi, anajua bei ya kila kitu. Lakini tangu anioe yeye amekuwa mwanaume, na mwanaume haingii jikoni, hachoti maji, hakai na wanawake kunung'unika juu ya maisha. Hukaa kwenye kiti chake akiangalia mlango. Huongea na ng'ombe wake kuliko anavyoongea nami. Jioni tunaweza kukaa kutoka kukamua hadi kulala na tusiseme zaidi ya maneno kumi, na manne kati ya hayo ni majina ya ng'ombe.

Mwaka wa tatu nilipata mtoto, mvulana. Kogo alimpa jina la marehemu. Mimi kimoyomoyo nilimwita Makori, jina la babu yangu, na sikumwambia mtu. Aliishi siku kumi na tisa. Baada ya hapo mwanaume aliyekuwa akija kunipa mtoto, kama desturi inavyoruhusu, dereva wa lori la majani ya chai, alihamishiwa njia nyingine na hata salamu hakutuma. Hakuna aliyenilaumu. Ndiyo shida yenyewe, hakuna aliyesema lolote.

Nyumba tuliyokuwa tukiishi ilikuwa ya udongo, na bati zake zilikuwa za zamani. Mvua ya mawe hapa kwetu si habari, inakuja ikitaka, na kila mwaka ilitoboa mahali pengine. Nilikuwa nikipanga sufuria sakafuni, na nikiwa nimelala nilijua kwa sauti ni ipi imejaa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko la mviringo. Hilo jiko ndilo lilikuwa nyumba ya kwanza ya Kogo na mumewe, na ndani yake bado ilisimama ile nguzo, nyeusi kwa moshi. Kogo hakuingia humo, nimeshakuambia. Lakini kila mvua kubwa ikiisha alikuja hadi mlangoni, akainama, akauliza, "Imesimama?" Nikamjibu, "Imesimama, Kogo." Akarudi kwa kiti chake.

Mwezi wa kumi mwaka jana bonasi ya chai ilikuwa nzuri. Kogo akauza na ndama wawili, akakata mikaratusi yetu ya bondeni ipasuliwe mbao, kisha akaita fundi.

Fundi alikuwa Okemwa, Mkisii mwenzangu kutoka upande wa Sotik, mtu wa mdomo mwingi. Alikuja na futi yake na kalamu sikioni, lakini maandishi yake humshinda hata yeye kuyasoma, kwa hivyo mimi ndiye niliyepewa daftari niandike.

"Vyumba vya kulala vitatu," Kogo alisema.

"Vitatu?" Okemwa aliniangalia, akamwangalia yeye. "Kogo, si mko wawili? Cha tatu ni cha ng'ombe?"

"Ng'ombe wako na boma yao. Wewe pima."

"Ama mnaanzisha kanisa? Kama ni kanisa mimi nitakuwa pasta, niko tayari, hata suti ninayo."

Kogo hakucheka. Alinyoosha kidevu upande wangu. "Cha tatu ni cha mwenzake huyu. Kuna msichana Siongiroi, Chepkurui. Mimba yake iko miezi minne na kijana wa watu amekimbia. Nikimaliza mambo na wazee wao, atakuja Desemba."

Okemwa aliikunja futi yake, mzaha ukaisha. Mimi niliandika: *Vyumba 3.* Nakumbuka ile tatu niliiandika vizuri sana, kama ile ya mwalimu ubaoni.

Alipokuwa akipima upande wa nyuma, Okemwa alinisogelea akaniuliza kwa Kikisii, polepole, "Dadangu, ulikuwa umeambiwa?"

"Nilikuwa nimeambiwa," nikasema. Sikuwa nimeambiwa.

Usinielewe vibaya. Mke mwenza si kitu cha ajabu huku, na mimi sikuwa na wivu wa mume, mume gani? Nilichokuwa naona ni mama yangu na ule ufagio. Mimi nililetwa hapa nizae mtu wa kushika hii nyumba, na sikumpata. Chepkurui akija na tumbo lake, na tumbo likiwa la kijana, nyumba itakuwa imepata mwenyewe. Mimi nitakuwa nani ndani yake? Mtu wa kukamua. Na siku Kogo akienda, nani atakumbuka kwamba nilitolewa ng'ombe wanne?

Sina kelele. Mimi ni mtu wa kusubiri na kuangalia. Niliangalia lile daftari siku mbili, nikaona mlango.

Mlango ulikuwa huu. Okemwa alikuwa amepiga hesabu mara mbili, kwa sababu pesa haikutosha kila kitu. Ukijenga vyumba vitatu, unapata ukuta wa mbao, sakafu ya simiti, na juu bati nyembamba za geji thelathini na mbili. Basi, pesa imeisha. Ukijenga viwili, inabaki ya kununua bati nzito za geji ishirini na nane, ya kupiga silingi, ile dari ya chini ya bati, nyumba nzima, ya kuweka mifereji na tangi la maji, na bado ya kulipia bima mwaka mmoja. Kumbe chumba kimoja kinaweza kumeza vitu vyote hivyo.

Nikaanza kazi. Kila asubuhi, Kogo akiwa na kikombe chake cha chai, nilimsomea daftari, na kila asubuhi nilisoma upande wa vyumba viwili kwa sauti tamu kidogo.

"Bati za geji ishirini na nane, Kogo, mawe hayatoboi. Miaka arobaini."

"Na zile zingine?"

"Thelathini na mbili. Hizo ni nyembamba."

Kogo aliweka kikombe chini. "Thelathini na mbili ni ndogo kuliko ishirini na nane?"

"Kwa bati, ndiyo. Namba ikipanda, bati inashuka."

"Hiyo shule yako," akasema, "ndiyo maana iliishia darasa la nane."

Siku nyingine nilileta habari ya silingi. Nilimwambia bila silingi chumba hiki kinasikia cha pili, mtu hawezi hata kukohoa kwa siri, na baridi ya Julai inashuka kutoka kwa bati kama maji. Hiyo ilikuwa kweli. Siku nyingine nikaongeza friji, kwa sababu nilikuwa nimeanza kunogewa. Kogo alinigeukia.

"Friji inafanya nini?"

"Inaweka maziwa baridi."

"Hapa?" Alionyesha nje, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye chai na pumzi yetu ilionekana. "Nitoe pesa ninunue baridi? Weka hayo maziwa mlangoni, asubuhi utayapata."

Friji nikaifuta. Lakini bati nzito zilikuwa zimemwingia, nikaona. Mtu aliyekaa hapa miaka hamsini hahitaji kuhubiriwa juu ya mawe. Kitu kimoja tu kilimzuia. Kile chumba cha tatu kilikuwa kinajengwa pale pale jiko la zamani liliposimama, na Okemwa alikuwa ameahidi kuijengea ile nguzo ndani, iwe kwenye kona ya chumba. Kukiwa na viwili, nguzo inabaki nje.

"Tutaihamisha," nikasema.

"Nguzo haihami."

"Basi tutaiwekea kipande cha bati juu, kama kofia."

Alifikiri siku tatu. Siku ya nne aliamka na kikohozi kibaya, akakaa kitini akiwa amejifunga blanketi. Nilipofungua daftari aliinua mkono. "Andika vile unaona," akasema. "Wewe ndiye utakaa humo."

Nikaandika viwili. Nilidhani nimeshinda, na nilingoja kusikia furaha, kama vile mtu hungoja chai ichemke. Nikaenda kulisha ng'ombe nikiwa bado nangoja.

Kikohozi hakikuisha. Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali ya Kapkatet, wakamlaza na kumwekea hewa ya puani. Nilikuwa nikienda kumwona saa sita na kurudi kukamua. Siku ya pili nilipofika nyumbani nilimkuta msichana wa bima amekaa kwenye jiwe la mlangoni, viatu vyake amevivua na kuvipanga kando, vimejaa matope. Nilikuwa nimemwita mimi mwenyewe, kupitia watu wa kituo cha kuuzia majani, kisha nikasahau.

Jina lake lilikuwa Molly, Mkipsigis, mdogo kwangu. Alikunywa chai vikombe viwili, akaeleza. Unalipa mara moja kwa mwaka. Moto, upepo na mawe, wanakujengea. Na mwenye nyumba akifariki wanatoa ya mazishi na kitu cha kuanzia kwa wanaobaki. Alieleza vizuri, hakuharakisha. Halafu akatoa fomu akaiweka gotini.

"Mwenye nyumba?"

Nikamtajia Kogo, na namba ya kitambulisho ambayo naijua kwa kichwa.

"Na wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

Mtu wa kwingine angecheka. Molly alitazama fomu juu hadi chini. "Hapa hakuna mahali pa hiyo," akasema kwa sauti ya kuomba msamaha. "Hata kogo yangu mmoja alioa hivyo, na fomu zilitusumbua vivyo hivyo. Niandike mtegemezi?"

"Andika."

"Wa kupokea, mwenye nyumba akiondoka?"

"Mimi."

"Na wewe ukiondoka?"

Sikumwelewa. Akaeleza tena. Wanataka majina mawili, la pili lishike kama la kwanza halipo. Nyumba haiwezi kuachiwa hewa. "Mtoto," akasema, kalamu ikiwa tayari.

"Hayuko."

"Mtoto wa ndugu? Mtu yeyote wa boma hii. Akiwa wa nje kampuni husumbua."

"Nina mama yangu, Nyamira."

"Huyo ni wa nje, dada."

Nikaangalia uwanja. Kulikuwa na kuku, na mbao za mikaratusi zimepangwa zikauke, na mbwa wa jirani amelala juu yake. Niliangalia kweli, kama mtu anayetafuta kitu alichoweka mahali. Molly naye akaangalia, kwa heshima, halafu akashusha macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Hakuna," nikasema.

"Naweza kuacha wazi. Lakini kompyuta ya ofisi hukataa ikiwa wazi."

"Basi acha kwanza."

Alivaa viatu vyake, akaniachia fomu na karatasi ya rangi yenye picha ya familia imesimama mbele ya nyumba, baba, mama na watoto wawili, wote wanacheka kama waliambiwa wacheke.

Alipoondoka nilipika ugali. Niligeuza sufuria kwenye sahani, nikaona nimepika wa watu wawili, na Kogo yuko hospitali. Nilikaa jikoni kando ya ile nguzo nikala nusu. Nusu ya pili ilikaa pale ikipoa. Nje ng'ombe mmoja alilia mara moja akanyamaza. Nikawa nahesabu, si pesa. Bati za geji ishirini na nane ni miaka arobaini. Mimi nina ishirini na nane. Nikafika sitini na nane, nikajiona ndani ya ile nyumba yangu nzuri. Paa halivuji. Tangi limejaa. Silingi imezuia kila sauti. Kuna vyumba viwili, kimoja changu na kimoja kimefungwa miaka mingi. Niliiona vizuri sana hiyo nyumba. Ilikuwa imara, na ndani hamkuwa na mtu wa kuniuliza kama imesimama.

Niliweka mkono kwenye nguzo. Ilikuwa ya joto upande wa moto na baridi upande wa pili. Halafu nikachukua daftari, nikakata mstari juu ya silingi, juu ya mifereji, juu ya bima. Nikaandika tena tatu. Haikutoka nzuri kama ya kwanza.

Kesho yake nilimkuta Kogo amekaa kitandani, hewa wameitoa, anagombana na muuguzi juu ya uji.

"Ati hii ni uji," akaniambia. "Hii ni maji ya kuoshea uji."

Nilimpa maziwa ya kibuyu niliyomletea. Alipomaliza nikasema, "Kogo, nimekirudisha kile chumba."

Alipangusa mdomo. "Na bati zako nzito?"

"Tutaweka nyembamba."

"Silingi?"

"Hakuna."

"Na ile bima uliimba kama wimbo wa kanisa?"

"Walitaka jina la pili. Sikuwa nalo."

Kogo aliangalia dirishani. Kulikuwa na wagonjwa wengine sita na jamaa zao, kila kitanda kimezungukwa na watu na vikapu. Kwetu nilikuwa mimi peke yangu kwenye benchi.

"Nilijua unakitoa," akasema.

"Ulijua?"

"Mimi sikusoma. Lakini nilikuwa nauza ng'ombe soko la Siongiroi kabla mama yako hajaolewa. Ukiona mtu anasifu ng'ombe mmoja asubuhi hadi jioni, nenda uangalie yule amemficha nyuma."

"Mbona hukunikataza?"

"Wewe ndiye utakaa naye miaka, si mimi. Nimlete kwa nguvu, nife, muuane juu ya kaburi langu? Nilisema wacha achague." Alikohoa, nikamshika mgongo. Mgongo wake umekuwa mdogo, sikuwa najua. "Mzee alipokufa nilikaa kwa ile nyumba miaka kumi na moja kabla ya kukuoa. Peke yangu. Watu walifikiri nakuoa kwa sababu ya mtoto."

Alimwita muuguzi akamwambia ule uji wampe mtu wanayemchukia.

"Kogo," nikasema, "akizaa kijana, mimi nitakuwa nani?"

"Mkubwa," akasema, kama nimemuuliza jina la siku. "Si ulikuja kwanza?"

Sijui kama hilo jibu litashika siku moja mbele ya wazee. Najua tu kwamba sikupata lingine.

Okemwa alijenga wiki tano. Alibomoa lile jiko pole pole, udongo ukaanguka, nguzo ikabaki imesimama yenyewe uwanjani siku nzima, nyembamba kuliko nilivyodhani. Kisha akaizungushia ukuta wa mbao, na jiko dogo jipya akalisimamisha nyuma ya nyumba. "Nimejenga nyumba nyingi," akasema, "lakini hii ndiyo ya kwanza yenye mti ndani. Ukizaa matunda uniite." Bati zilipopanda zilimetameta hadi watu wa ng'ambo ya bonde wakauliza ni nani amepata pesa. Hawakujua ni nyembamba. Ukiwa mbali, bati zote ni bati.

Chepkurui alikuja na mjomba wake wiki moja kabla ya Krismasi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, begi moja, tumbo la miezi sita, na sweta ya shule ambayo alama yake imetolewa lakini uzi ulibaki. Alinisalimia bila kuniangalia. Nilimwonyesha chumba chake. Aliitazama ile nguzo konani, akatafuta la kufanya nayo, akaitundikia sweta.

Nilikuwa nimefikiri akija tu kile kimya kitatoka, kama moshi ukifungua dirisha. Hakikutoka. Sasa tulikuwa wanawake watatu katika vyumba vitatu, milango imefungwa. Alikula kidogo, akaosha sahani yake, akaingia kwake. Kipsigis changu ni cha sokoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuulizwa na kujibu. "Umelala vizuri?" "Ndiyo." "Maji ya kuoga yako tayari." "Asante." Kogo kitini, akiangalia mlango mpya. Nikasema moyoni, Nyambeki, umeuza silingi yako ukanunua mtu wa pili wa kunyamaza.

Mawe yalikuja siku ya tano, mchana, saa tisa. Kwanza ule upepo baridi wenye harufu ya chuma, kisha moja, mbili, halafu yote pamoja. Bila silingi na bati nyembamba, ilikuwa kama kukaa ndani ya ngoma inayopigwa na watu mia. Nilikaa kitandani nikiangalia juu, nikingoja mahali patakapotoboka. Hapakutoboka, mara hii. Lakini nilijua chai yote inapigwa huko nje, na kwamba wiki kadhaa hatutakuwa na jani la kuchuna.

Yalipopungua nikasikia mtu analia. Ukuta wetu wa mbao unaishia pale paa linapoanza kuinuka, na juu yake ni wazi, sauti inaruka kutoka chumba hadi chumba. Alikuwa akilia kwa kujizuia, kama mtu anayejua kuna wenye nyumba.

"Chepkurui."

Akanyamaza ghafla.

"Ni mawe tu. Yamepita."

Nikasikia akivuta pua. Kisha, kutoka juu ya ukuta, "Kwetu si hivi."

"Hapa ndiyo hivi. Bati ni nyembamba."

"Mbona hamkuweka nzito?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikaona ni habari ndefu mno kupitishwa juu ya ukuta. "Umekula?"

"Bado."

"Umekaa na njaa tangu asubuhi na hiyo mimba?"

"Sikutaka kuwasumbua."

"Nani anasumbuliwa? Toka huko. Kuna ugali na maziwa ya kibuyu."

Nilisikia kitanda chake kikilia, na miguu ikitafuta viatu. Halafu kutoka chumba cha Kogo, sauti yake kavu ikaruka juu ya kuta mbili za mbao:

"Hata mimi sijakula, kama kuna mtu anauliza."

Chepkurui alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kimechanganyika na makamasi, na kiliishia hapo. Nikafungua mlango wa nyuma. Uwanja ulikuwa mweupe kwa mawe, na chai kule chini imesimama vijiti vitupu. Nikaingia jikoni, nikatoa sahani mbili kwa mazoea, nikarudi kuchukua nyingine.